Madirisha Matatu ya Upande Wako

Kibanda cha Redio, kando ya shule, mlimani
Kalemie, Jumatatu tarehe 2 Machi 2026

Mpendwa kaka Chabani,

Nyumba ya baba zetu ilianguka Alhamisi tarehe 18 Aprili 2024, saa nne na dakika ishirini asubuhi. Natangulia kuandika hilo kabla ya salamu kwa sababu mara tatu nimekupigia simu nikaanza na salamu, na mara tatu, tulipofika kwenye neno nyumba, mtandao wa Manono ukakatika. Barua haikatiki. Germain, anayesafiri kati ya huku na huko, ataitia mkononi mwako, nawe utaisoma hadi mwisho.

Sasa salamu. Asalam aleikum, kaka. Hujambo? Wifi yangu Maimouna hajambo? Twahiri mdogo bado anakohoa, ao mmepata dawa? Sisi huku tuko wazima, namshukuru Mungu. Leo ni funga ya kumi na mbili. Mama naye anataka kufunga, namkataza. Ana miaka themanini na moja, jicho la kushoto limekwisha, la kulia linaona mwanga na vivuli tu. Basi saa nne anakunywa uji wake akiwa amejifunika kanga kichwani, eti malaika wasimwone.

Mvua ni nyingi lakini hapa mlimani maji yanateremka, hayakai. Kibanda changu kina kazi. Redio zimepungua, sasa watu wananiletea tochi za jua na simu zilizolowa.

Nyumba unaijua, lakini nitaiandika yote, kwa sababu mtu akikaa mbali miaka kumi na moja anaanza kukumbuka nyumba anayoitaka. Ilikuwa ndefu, mita kumi na sita kwa tisa. Ukiitazama kutoka ziwani, mkono wa kuume ni upande wa baba yako mzee Twahiri, mkono wa kushoto ni upande wa baba yangu Jumaa, nduguye. Paa moja, baraza moja, ukuta mmoja katikati. Madirisha saba: manne yetu, matatu yenu. Mama yako alipofariki ulihamia kwetu kwa chakula, ukabaki kwenu kwa kulala. Ndivyo Mama alivyokulea, sufuria moja, milango miwili.

Maji ya ziwa yaliingia barazani Jumapili tarehe 14. Alhamisi nyumba ikalala. Siku nne. Nyumba ya Mama Séraphine, jirani yetu wa ukutani, matofali ya udongo uleule, iliyojengwa mwaka uleule, ilisimama majini siku ishirini na tatu. Nne, na ishirini na tatu. Hesabu hizo nimezibeba miaka miwili, na leo nazitua mlangoni kwako.

Asubuhi ile tulikuwa tunatoa vyombo, maji yamefika magotini. Mara nikaona Mama anageuka, anaelekea upande wako. Nikamkamata kwa kitenge.

“Niache! Nimesahau kitu kwa Chabani!”

“Kwa Chabani kuna nini, Mama? Kuna popo!”

Nikamburuta nje kama mbuzi. Haikupita hata robo saa, ukuta wa katikati ukakaa chini, na paa likaufuata. Nilimgombeza mbele ya watu. Akajifunga upya kitenge chake. Na hilo pia nililiandika kwenye jina lako: kwamba karibu nimpoteze mama yangu kwa ajili ya vikorokoro vyako.

Sasa kuhusu meza, maana najua Germain amekusimulia nusunusu.

Mwaka jana, mwezi wa kumi, Papa Télesphore, yule aliyekuwa mchoraji wa ramani kwenye biro ya reli, alituzuia watu wa avenyu yetu baada ya salongo, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi, majembe yakiwa bado mkononi. Akasema ziwa limechukua nyumba ishirini na mbili na hakuna ramani hata moja iliyobaki. Kila mtu ana avenyu yake kichwani, na vichwa havifanani. Tuijenge upya kwa kartoni juu ya meza moja, kila familia nyumba yake, kama ilivyokuwa juma lile maji yalipoingia, si kama tunavyotamani ingekuwa. Kipimo ni moja kwa hamsini. Mita moja njo sentimita mbili. Mlango wa mita mbili unakuwa sentimita nne, na kuku anakuwa punje ya mchele.

Watu wakacheka, halafu wakaenda nyumbani kutafuta kartoni.

Mama Séraphine alikuwa wa kwanza kuleta kijumba chake. Kizuri, lakini choo cha uani kimesimama wima kama askari.

“Mama, choo chako kilikuwa kimeinama,” Papa Télesphore akamwambia.

“Choo changu? Kiliinama mbele ya nani?”

“Mbele yangu. Kila nikiingia nilikuwa nalaza shingo kama muntu anayesikiliza redio.”

Alikasirika siku mbili. Ya tatu akakirudisha kimeinama vilevile, hata nzi ameweka mlangoni, chembe ya pilipili manga. Kikumbuke choo hicho, kaka. Nitakirudia.

Kijumba chetu nakitengeneza mwenyewe, sentimita thelathini na mbili kwa kumi na nane. Kuta ni kartoni ya sabuni, tabaka mbili. Plasta ni udongo wa palepale: ziwa liliporudi nyuma nilishuka na mkebe wa maziwa, nikachota pale barazani petu, nikauchekecha kwa kipande cha chandarua na kuuchanganya na gundi ya mbao. Milango ni vijiti vya mishikaki vilivyopasuliwa.

Mabati yalinishinda juma zima. Mawimbi ya bati la kweli yanapishana karibu sentimita saba na nusu. Gawa kwa hamsini, ni milimita moja na nusu. Nani atakunja bati la hivyo? Kisha siku moja nafungua jenereta ya mteja, nikashika bolti ndefu ya milimita kumi. Nikaweka rula kwenye meno yake: milimita moja na nusu, kamili. Nikatandaza karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara juu ya soli ya kandambili, nikaviringisha bolti nikiikandamiza, bati likatoka na mawimbi yake. Nimetoa themanini, arobaini upande wetu, arobaini upande wako.

Hakuna aliyenifundisha. Minerval, ada ya shule, ilikuwa ya mtoto mmoja, ikaenda kwako kwa kuwa wewe mwanaume, ukasomea umeme shule ya ufundi. Mimi umeme niliusoma kwa kufungua redio ya baba na kuchapwa. Silalamiki. Naandika tu kwamba kwenye mkutano, walipouliza nani ataweka taa kwenye meza nzima, nyumba zote ishirini na mbili, hakuna aliyesema tumsubiri Chabani.

Nimekosea pia, na kosa lenyewe nitakusimulia ucheke. Sikuwa na kipimo cha madirisha. Foto tuliyo nayo ni moja tu, ya harusi ya mwaka 2012, na mbele ya kila dirisha amesimama mtu. Lakini pazia la chumbani kwa Mama lilisalimika. Nikalipima: mita moja na sentimita sitini. Gawa kwa hamsini, sentimita tatu na milimita mbili. Nikakata madirisha yote saba kwa kipimo hicho, nikapaka, nikakausha, nikampelekea Mama ashike kwa mikono. Akapitisha kidole kwenye dirisha la kwanza, la pili, akaanza kucheka hadi nikaogopa.

“Hii nyumba ya gavana! Sisi tulikaa wapi?”

“Mama, nimepima pazia lako mwenyewe.”

“Weye! Pazia halikatwi sawasawa na dirisha. Jirani ataona kitanda. Naongezaga shibiri moja na nusu huku, na moja na nusu kule.”

Shibiri tatu, sentimita sitini. Dirisha lilikuwa mita moja, sentimita mbili za kartoni. Siku nne za kazi zikaenda jalalani. Mimi ninayepima nyaya hadi milimita, nimeshindwa na pazia.

Baada ya kuta kuna kazi ambayo Papa Télesphore anaiita kuzeesha. Nyumba mpya ya kartoni ni sanduku tu. Lazima uipe miaka yake. Pamba ya chuma ya kusugulia sufuria inaloweshwa kwenye maji ya ndimu na chumvi siku tatu, maji yanakuwa rangi ya kutu, unayapaka kwa unyoya wa kuku kuanzia kwenye misumari kwenda chini, jinsi mvua inavyoteremka. Ukungu wa msingini ni sombe, majani ya muhogo yaliyokaushwa na kusagwa. Baraza inang'arishwa kwa kidole mahali watu walipokaa, na kuachwa chafu mahali pasipokaliwa. Kwa hiyo pembe ya Mama inang'aa. Pembe yako ina vumbi.

Kanuni yangu ni moja: alama isiyo na sababu siipaki.

Na hapo ndipo nilipofika kwenye mfereji wako wa maji ya paa. Uling'oka mwaka 2017. Nilikupigia. Ukasema, “Nikija.” Mwaka 2019 upepo ulifungua mabati kumi na mawili upande wetu na tisa upande wako. Yetu niliyapanda na kuyapigilia mwenyewe, na kitenge kiunoni, watoto wa shule wakiniimbia huko chini. Yako nilikupigia. Ukasema, “Nikija.” Misimu mitano ya mvua maji yaliingia kwenye tundu zile na kunywewa na ukuta wa katikati. Ziwa lilipokuja kutoka chini, ukuta ulikuwa umeshalewa kutoka juu. Ndiyo siku nne.

Mwezi wa kwanza ukatuma ujumbe wa sauti kwenye simu ya Germain. Nimeusikiliza mara moja, inatosha: “Dada, upande wangu upake chokaa, mabati weka mapya, watu watapiga foto, usinitie aibu.” Kaka, choo cha Mama Séraphine kimeinama mbele ya avenyu nzima, na yeye anakaa hapa, anawaangalia watu machoni kila siku. Wewe uliye Manono utapata chokaa?

Doa la mfereji wako nimelipaka kwa majani ya chai yaliyochemshwa sana, mipako mitatu. Juu lina upana wa milimita saba, chini ishirini na moja. Zidisha mwenyewe kwa hamsini. Mabati tisa nimeyafungua pembe, kila moja mahali pake.

Lakini nikiwa nimeshika unyoya wa kuku mkononi, nimepaka na langu. Kuna tundu juu ya chumba cha Mama nililotoboa kwa ajili ya antena mwaka 2016 nikaziba kwa lami vibaya. Lipo kwenye kijumba, anayetaka aone. Na kuna lingine lisilopakika. Mabati yako tisa ningeweza kuyapigilia. Ngazi ilikuwa yangu, misumari ilibaki kwenye mkebe. Nilikuwa juu ya paa tayari, hatua tatu tu. Sikuvuka kwa sababu nilitaka uje kupanda mwenyewe. Nimeliandika, limetoka.

Sasa taa. Hapa nitakuandikia kama fundi kwa fundi. Umeme wa meza ni batri ya pikipiki, volti kumi na mbili. Diodi nazitoa kwenye tochi zilizokufa, kila moja inataka volti tatu. Ukizipa nguvu yake yote zinang'aa kama hospitali, na sisi hatukukaa hospitali. Nimeweka rezistansi ya omu 2200, diodi inapata miliampia nne tu, mwanga unakuwa mdogo. Bado ulikuwa mweupe wa baridi. Nikajaribu karatasi ya bonboni, peremende ya rangi, ikawa kama baa. Mwisho nikapaka mawese kwenye karatasi ya daftari, nikaikausha juani, nikaibandika dirishani kwa ndani. Kaka, ni taa ya koroboi yenyewe, ile ya saa moja jioni chakula kinapopakuliwa. Avenyu nzima ikiwa na taa themanini na nane, batri inakaa saa kumi na tisa. Wewe ungefanyaje? Najua utatafuta kosa. Tafuta.

Ila si kila nyumba inawaka. Hiyo ni kanuni ya mkutano, na lazima uielewe vizuri. Onyesho ni Jumamosi tarehe 18 Aprili kwenye ukumbi wa shule, na siku hiyohiyo orodha ya parsele, viwanja vya kujenga huku mlimani, inafungwa, parsele moja kwa kila nyumba iliyo mezani. Mkutano ukaamua: familia inayorudi kujenga na wenzake, madirisha yake yanawaka. Familia iliyokwenda moja kwa moja, kijumba chake kinawekwa kwa heshima, lakini giza. Hakuna anayelaumiwa. Nyumba kumi na sita zinawaka. Tano giza, watu wao wako Kigoma, Nyunzu, wengine Ankoro, walishasema wazi. Kumi na sita na tano ni ishirini na moja. Ya ishirini na mbili njo yetu, na yetu ina pande mbili.

Nikaunganisha waya wa madirisha yetu manne. Yako matatu nikayaacha. Nilijiambia ni haki: uliondoka Februari 2015 ukisema unaenda Piana-Mwanga, kwenye bwawa la umeme la Manono, miezi sita kwa kazi, na tangu siku hiyo upande ule haukuona taa. Kijumba kiseme kweli.

Lakini kulikuwa na kitu kinanikera. Ruphin, yule mvuvi wa pale chini, aliokota kwenye matete ubao mmoja wa dirisha akauleta akidhani ni wangu. Ni wa chumba chako, naujua kwa bawaba yake ya kiatu kilichokatwa, uliyoipigilia mwenyewe. Upande wa ndani, juu, ubao ni mweusi. Nilifikiri ni kuoza. Nikaukwangua kwa ukucha, nikanusa: masizi ya mafuta ya taa, mazito, ya miaka. Chumba ambacho hakikuwashwa taa kimepata wapi masizi? Sikupata sababu, kwa hiyo sikuyapaka.

Jumanne ya kwanza ya mwezi wa pili, adhuhuri, nilitaka kujaribu mwanga. Kibandani jua ni kali, huoni kitu, basi nikafunika kijumba kwa blanketi na kuingiza kichwa. Mama akasikia napumua mule.

“Zabibu, unajifukizia nini? Uko na malaria?”

“Naangalia taa, Mama.”

“Taa gani ya ndani ya blanketi? Sogea.”

Akaingiza kichwa chake kando ya changu. Joto, harufu ya gundi, na sisi wawili kama vifaranga. Sikutegemea ataona. Lakini mwanga ndio jicho lake linaloujua. Akanyoosha kidole, akahesabu.

“Moja. Mbili. Tatu. Ine.” Kidole kikaendelea kwenda upande wako, kikasimama. “Na kwa Chabani?”

“Kwa Chabani giza, Mama. Tangu aende.”

“Nani alikuambia giza?”

“Mama, mimi nilikuwa naishi mule.”

“Weye ulikuwa unaishi kwa redio zako.”

Akanieleza chini ya blanketi hilohilo, bila haraka, kama mtu anayekueleza mahali alipoweka chumvi. Kila Alhamisi magharibi, mimi nikiwa bado kibandani, alichukua ufunguo wako akapitia mlango wa nyuma. Akafagia. Akachoma ubani, akaweka koroboi kwenye kizingiti cha dirisha la uani, akaketi kitandani kwako mpaka ubani uishe, akazima, akafunga. Bibi yetu alimfundisha hivyo: chumba cha aliye safarini kikikosa moto usiku wa Ijumaa, kinajidhania ni cha maiti. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, “Ungeanza kupiga hesabu ya mafuta.”

Nimepiga hesabu nyingine. Tangu uondoke hadi nyumba ianguke ni Alhamisi zaidi ya mia nne na sabini. Na siku ile ya maji ilikuwa Alhamisi, kaka. Kitu alichosahau kwako, ambacho nilimburuta nje na kumgombeza kwa ajili yake, ni ile koroboi. Aliifuata mapema, kwa sababu aliona jioni nyumba haitakuwepo.

Basi masizi yamepata sababu. Nimeyapaka.

Nilikwenda kwa Papa Télesphore nikamweleza. Akasema kanuni ni kanuni, taa ni ya anayerudi. Nikamuuliza, na taa ya anayesubiri inaandikwa wapi? Akafuta miwani yake, akarudi kwenye kartoni yake. Kwa hiyo jibu liko kwako, si kwake wala kwangu.

Nakuuliza bila kuzunguka: utarudi kujenga, ndiyo ao hapana? Parsele yetu ni mita ishirini kwa ishirini na tano. Ukisema ndiyo, inagawanywa kama nyumba ilivyogawanyika, kumi kwa ishirini na tano kila upande, na wewe unasimama ukumbini tarehe 18 Aprili jina lako linapoandikwa. Si kwa simu. Kwa miguu. Ukisema hapana, nitajenga peke yangu kwenye mita zote ishirini, chumba kimoja nitakiita cha wageni, na siku ukipita utalala humo kama mgeni mwingine, utakula, hutasikia neno baya. Zote mbili naziweza. Nisichokiweza ni “nikija”. Hiyo imeshaangusha ukuta mmoja.

Ndani ya bahasha kuna kisanduku cha kiberiti. Kifungue polepole. Ni ubao wa dirisha lako la uani, upana sentimita mbili, kimo sentimita mbili na milimita nne, na bawaba yake ya kiatu. Weusi ule wa juu si rangi, ni masizi ya koroboi ya kweli. Kama unarudi, mpe Germain auregeshe, nitaupachika ukiwa wazi na kuwasha madirisha yako yote matatu. Kama hurudi, baki nao, ni wako, na mimi nitaziba tundu lile kwa kartoni. Waya wa upande wako nimeshaupitisha chini ya sakafu hadi kwenye ukuta wa katikati. Ncha mbili hazijaunganishwa. Kuzishika ni kazi ya dakika moja.

Mama hajui kwamba nakuuliza hili. Anajua nakupelekea salamu. Ukikataa nitamwambia mimi mwenyewe, kwa sauti yangu, na sitasema kwamba mtandao ulikatika.

Anakusalimu sana. Anasema Twahiri mdogo apakwe kifuani mawese yaliyopashwa moto, na wewe uache kulala miguu ikiwa nje ya shuka. Mama Séraphine anakusalimu, anauliza kama Manono vyoo vinasimama wima. Papa Télesphore anakusalimu, Ruphin pia. Nisalimie wifi Maimouna, mwambie kitambaa alichonitumia nimeshona, nitakivaa Idi.

Mungu apokee funga zenu, awape kifua kizima na riziki ya halali, na mikono yako ailinde kwenye kila waya unaoshika.

Germain anakaa kwenu hadi Idi ipite. Anashuka hapa Jumamosi tarehe 28 Machi, saa nane mchana, nami nitakuwa nimesimama kituoni. Nitamwomba kitu kimoja tu: afungue kiganja. Akiwa na ubao ni ndiyo, akiwa mikono mitupu ni hapana. Saa nane, kaka, si saa nane na nusu.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na hasira zangu zote,

Zabibu binti Jumaa